Mkopo wa Bodi, kuanzia fomu hadi senti ya mwisho: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu mkopo unaotolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya Tanzania, ambayo wengi huiita Bodi tu, au kwa kifupi chake, HESLB. Yameandikwa kwa ajili ya mwanafunzi anayejiandaa kuomba, mzazi anayetaka kujua kijana wake anatia saini kitu gani, na mhitimu ambaye makato ya mshahara wake yamemwacha na maswali kuliko majibu.

Bodi ni chombo cha namna gani, na mkopo huu ulianza lini?

Bodi iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na ikaanza kazi Julai 2005. Mikopo yenyewe, hata hivyo, ina umri mkubwa kuliko Bodi, kwa sababu Serikali ilianza kukopesha wanafunzi mwaka wa masomo 1994/95 kupitia wizara iliyohusika na elimu ya juu, baada ya kuachana na utaratibu wa zamani ambapo aliyefaulu kwenda chuo kikuu alisomeshwa bure. Ndiyo maana mtu aliyesoma mwaka 1997 anaweza kushtuka kuletewa taarifa ya deni na chombo ambacho hakikuwapo alipokuwa chuoni: Bodi ilirithi madai yote ya tangu 1994.

Mkazi wa Zanzibar anapaswa kujua kwamba Serikali ya Mapinduzi nayo ina bodi yake ya mikopo ya elimu ya juu, yenye taratibu na fomu zake. Majibu haya hayaihusu.

Nani anaruhusiwa kuomba?

Mwombaji lazima awe Mtanzania, asiwe amezidi umri wa miaka 35, awe amedahiliwa kusoma kwa muda wote katika chuo kinachotambuliwa, na asiwe na ajira au mkataba rasmi unaompatia kipato. Aidha, anatakiwa awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita. Miongozo hutolewa upya kila mwaka, na mambo madogo madogo hubadilika, hivyo mwombaji asome mwongozo wa mwaka wake mwenyewe badala ya kutegemea maelezo ya kaka au dada aliyeomba miaka mitatu iliyopita.

Maombi yanafanyikaje, na kwa nini wengine hukataliwa ilhali wana shida ya kweli?

Maombi hufanyika kwa njia ya mtandao katika mfumo wa Bodi, kwa kawaida katikati ya mwaka, na ada yake ni shilingi 30,000 inayolipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo. Baada ya kujaza, mwombaji huchapisha fomu, huipeleka kwa kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji na kwa wakili au hakimu ili itiwe saini na mihuri, kisha hupakia kurasa hizo zilizosainiwa pamoja na viambatisho.

Sehemu kubwa ya wanaokwama hawakwami kwa sababu familia zao zina uwezo. Wanakwama kwenye karatasi. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa Serikali unaosajili vizazi na vifo, kwa waliozaliwa Tanzania Bara, na uhakiki huo unahitaji muda. Anayeukumbuka wiki ya mwisho kabla ya dirisha kufungwa anajitafutia maumivu. Yatima anahitaji cheti cha kifo cha mzazi, nacho kihakikiwe vilevile. Maneno ya mtendaji wa kata kwamba baba alifariki, hata yakiwa na muhuri, hayachukui nafasi ya cheti. Mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, anahitaji fomu iliyothibitishwa na mganga. Anayetoka katika kaya inayonufaika na TASAF, mfuko wa Serikali unaosaidia kaya maskini, aweke namba ya kaya.

Kuna jambo jingine ambalo hupuuzwa mno, nalo ni namba ya mtihani wa kidato cha nne. Namba hiyo ndiyo inayomtambulisha mwombaji kwa Bodi tangu siku ya kuomba hadi siku ya kumaliza deni, na namba atakayotumia kuomba mkopo lazima iwe ileile aliyotumia kuomba udahili chuoni. Aliyerudia mtihani na akawa na namba mbili, akatumia moja kwa chuo na nyingine kwa Bodi, mfumo utamwona kama watu wawili tofauti, mmoja mwenye chuo asiye na mkopo na mwingine mwenye ombi la mkopo asiye na chuo. Kasoro ya majina ina madhara kama hayo: ikiwa cheti cha kuzaliwa kinasema Hamisi na cha shule kinasema Khamis, ni vyema jambo hilo likarekebishwa kwa kiapo mapema.

Mkopo unagharimia nini hasa?

Mkopo umegawanyika katika vipengele. Kuna ada ya mafunzo, ambayo hupelekwa moja kwa moja chuoni. Kuna fedha za chakula na malazi, ambazo wanafunzi wenyewe huziita bumu. Kuna vitabu na viandikwa. Na kwa baadhi ya kozi kuna mahitaji maalumu ya kitivo, utafiti na mafunzo kwa vitendo. Fedha za chakula na malazi zilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23, na hutolewa kwa awamu. Awamu ya siku 60 kwa mwenye kiwango kamili ni shilingi 600,000. Vitabu na viandikwa ni shilingi 200,000 kwa mwaka.

Si kila mtu hupata kiwango kamili. Bodi hupima uwezo wa familia na kumpangia kila mmoja kiasi kulingana na uhitaji wake, ndiyo maana wawili waliokaa dawati moja Tabora wanaweza kufika Dodoma mmoja akiwa na ada yote na mwingine akiwa na sehemu tu. Asiyeridhika anayo nafasi ya kukata rufaa dirisha la rufaa linapofunguliwa, ila rufaa isiyo na kielelezo kipya hurudi na jibu lilelile. Kulalamika kwamba mwenzangu kapata zaidi si kielelezo.

Kama nimepata ada yote, mzazi wangu bado anadaiwa kitu?

Ndiyo, na hapa familia nyingi hushtukizwa. Vyuo hutoza michango ambayo haimo katika ada ya mafunzo: usajili, mitihani, kitambulisho, serikali ya wanafunzi, na bima ya afya, ambayo kwa mwanafunzi aliye chini ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, imekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Kiasi hicho hulipwa mwanzoni kabisa, wakati ambapo bumu la kwanza halijaingia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anahitaji pia nauli, godoro na chakula cha wiki kadhaa. Familia inayouza ng'ombe au mazao kwa ajili ya chuo ifanye hivyo kabla ya Oktoba, kwa sababu bei ya mtu mwenye haraka inajulikana sokoni.

Katika vyuo binafsi pengo linaweza kuwa kubwa zaidi, kwani Bodi ina ukomo wa ada inayolipia kwa kila kozi. Ada ya chuo ikizidi ukomo huo, tofauti ni ya mzazi. Ni busara kuuliza jambo hili kabla ya kuthibitisha udahili, si baada ya muhula wa kwanza.

Bumu linachelewa. Nifanyeje?

Liwe jambo la kutegemewa kwamba litachelewa angalau mara moja. Jibu zuri kuliko yote ni kulipa pango la muhula wakati fedha ipo mkononi, kwani mwenye chumba na unga anaweza kusubiri, lakini aliyenunua simu mpya hana pa kusubiria. Kukopa kwa watu wa mtaani au kwenye programu za simu zinazotoza riba kwa wiki ni kuondoka katika mkopo usio na riba na kuingia katika mkopo mkali kuliko yote.

Zingatia pia kwamba fedha hutolewa baada ya mwanafunzi kusaini. Ambaye hakusaini, kwa ugonjwa au kwa sababu nyingine yoyote, fedha zake hurudishwa Bodi, na hazipaswi kuonekana katika deni lake. Weka kumbukumbu ya kila awamu uliyosaini; miaka kumi baadaye kidaftari hicho kinaweza kuwa ndicho ushahidi pekee ulio nao.

Nikidisko, yaani nikikatishwa masomo, au nikiahirisha masomo, deni linafutika?

Halifutiki. Aliyekatishwa masomo anadaiwa kila shilingi aliyopokea hadi siku hiyo, pasipo shahada ya kumsaidia kupata kazi, na kwa kweli hii ndiyo hali ngumu kuliko zote zinazozungumzwa katika ukurasa huu. Anayeendelea hupewa mkopo wa mwaka unaofuata kwa sharti kwamba amefaulu kuingia mwaka huo, hivyo anayerudia mwaka asitegemee bumu. Anayeahirisha kwa ugonjwa au uzazi ahakikishe kwamba chuo kimeitaarifu Bodi kwa maandishi, na yeye abaki na nakala. Barua iliyokaa kwenye meza ya ofisi ya chuo haijafika Bodi.

Deni langu litakuwa kiasi gani?

Tufanye hesabu ya mfano. Mwanafunzi wa kozi ya miaka mitatu anapata ada ya shilingi 1,000,000 kwa mwaka, chakula na malazi kwa siku 240 ambazo ni shilingi 2,400,000, na vitabu shilingi 200,000. Jumla ni shilingi 3,600,000 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu shilingi 10,800,000. Juu yake kuna tozo ya uendeshaji ya asilimia 1 ya mkopo, inayotozwa mara moja tu, yaani shilingi 108,000. Anaondoka chuoni akidaiwa shilingi 10,908,000. Tazama kwamba ada ni chini ya theluthi moja ya deni hilo. Karibu yote yaliyobaki yalikuwa chakula na chumba.

Ninaanza lini kulipa, na ninakatwa kiasi gani?

Sheria inampa mhitimu muda wa kusubiri wa miezi 24 tangu alipomaliza au kuacha masomo, ingawa aliyepata ajira mapema anaweza kuanza kulipa mapema. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Aliyejiajiri hulipa asilimia 10 ya kipato chake kinachotozwa kodi, na isipungue shilingi 100,000 kwa mwezi.

Kiwango cha asilimia 15 kililetwa na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016. Kabla ya hapo ilikuwa asilimia 8. Wengi waliokuwa wametia saini wakijua asilimia 8 waliona wamebadilishiwa mchezo katikati ya uwanja, na manung'uniko yao yalikuwa na msingi, lakini kwa kuwa ni sheria, ofisi ya utumishi haina mamlaka ya kukurudisha kwenye kiwango cha zamani.

Kwa mfano wetu, mwalimu wa shule ya serikali mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000 atakatwa 120,000 kwa mwezi na kumaliza deni baada ya miaka saba na miezi saba hivi, kama mshahara hautapanda. Katika hati yake ya mshahara makato hayo hayasimami peke yake: kuna mchango wa asilimia 5 wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, bima ya afya asilimia 3, kodi ya mapato ya shilingi 68,000, na chama cha wafanyakazi asilimia 2. Anabaki na shilingi 532,000. Anayepanga maisha yake kwa kutazama laki nane za barua ya ajira atakuwa na mshangao mwisho wa mwezi wa kwanza.

Kwa nini watu waliolipa miaka mingi walikuwa wakisema deni halipungui?

Kwa sababu, kwa kipindi kirefu, lilikuwa halipungui kweli. Palikuwa na tozo ya kulinda thamani ya fedha ya asilimia 6 kwa mwaka. Kwa deni la shilingi 10,800,000, asilimia 6 ni shilingi 648,000 kwa mwaka, sawa na 54,000 kwa mwezi. Mwenye mshahara wa 800,000 aliyekatwa asilimia 8 alikuwa akilipa 64,000. Elfu hamsini na nne zilimezwa na tozo, na elfu kumi tu ndizo zilizogusa deni. Aliyechelewa kuanza kulipa aliongezewa adhabu ya asilimia 10.

Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo ya asilimia 6 katika sherehe za Mei Mosi mwaka 2021 jijini Mwanza, na utekelezaji ulianza Julai 1 mwaka huo. Adhabu ya asilimia 10 nayo iliondolewa. Tangu hapo deni halikui. Kila unacholipa kinalipunguza. Kwa maoni ya mwandishi, hakuna badiliko lililomfaa mnufaika wa kawaida kuliko hili, na bado wapo wengi wanaolikimbia deni wakidhani linaendelea kuvimba.

Je, nichukue mkopo wa benki nimalize deni la Bodi kwa mkupuo?

Hapana. Kabla ya mwaka 2021 hesabu hiyo iliweza kujadiliwa, sasa haijadiliki. Deni la Bodi halina riba, la benki linayo. Kuhamisha shilingi milioni nane kutoka pasipo na riba kwenda penye riba ni kulipa watu kwa kuwa wamekuondolea jina fulani kwenye hati ya mshahara. Wanaofanya hivyo mara nyingi husema wanataka kukopesheka zaidi, kwa kuwa mtumishi wa umma anatakiwa kubaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato yote na asilimia 15 ya Bodi inawabana. Lakini kinachowabana zaidi kitakuwa rejesho la benki.

Kama una fedha yako mwenyewe isiyo na kazi, hilo ni jambo jingine. Unaweza kulipa zaidi ya kiwango wakati wowote. Hata hivyo, mwenye deni la benki na deni la Bodi kwa pamoja aelekeze ziada yake benki kwanza.

Sina ajira. Nijifiche?

Kujificha kulikuwa na gharama zamani, na bado kunayo. Bodi hupeleka taarifa za wadaiwa kwenye taasisi za kumbukumbu za mikopo, na benki huzitazama kabla ya kukopesha, kwa hiyo mhitimu aliyefungua duka la dawa anaweza kunyimwa mtaji kwa sababu ya bumu la mwaka 2012. Lipa unachoweza kwa kumbukumbu namba ya malipo, kupitia benki au simu, hata kama ni kidogo. Kwa kuwa deni halikui tena, elfu hamsini ya leo ni elfu hamsini iliyopungua moja kwa moja. Pia iandikie Bodi kueleza hali yako. Mdaiwa anayejulikana alipo huzungumza akiwa katika nafasi nzuri kuliko anayetafutwa kupitia kwa mdhamini wake. Mdhamini huyo, ambaye mara nyingi ni mjomba au shangazi aliyesaini kwa mapenzi, naye ana haki ya kujua.

Nimehamia nje ya nchi. Deni linanihusu?

Linakuhusu. Aliyeko Muscat, Nairobi au Minneapolis hana mwajiri wa kumkata, hivyo jukumu lote ni lake mwenyewe. Anaweza kuomba taarifa ya deni kwa mtandao na kulipa kupitia benki au kwa kumtumia ndugu aliyeko nyumbani, mradi ndugu huyo alipe kwa kumbukumbu namba iliyotolewa kwa jina la mdaiwa na arudishe risiti.

Nimesoma kwamba kuna riba ya asilimia 4 na faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Ni kweli?

Ni kweli Kenya. Habari hizo zinahusu HELB, bodi ya mikopo ya Kenya iliyoanzishwa mwaka 1995, na shilingi zenyewe ni za Kenya. Kufanana kwa majina kumewachanganya wengi mitandaoni. Mnufaika wa Tanzania hahusiki nazo.

Mwajiri wangu ananikata, lakini taarifa ya Bodi inaonyesha sijalipa. Nani mwenye kosa?

Mwajiri anatakiwa kuiarifu Bodi kwa maandishi ndani ya siku 28 tangu alipoajiri mhitimu, kukata kila mwezi, na kuwasilisha makato hayo ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha. Asipowasilisha, adhabu ni juu yake, wala hapaswi kumhamishia mfanyakazi. Katika sekta binafsi hutokea kwamba fedha imekatwa ikatumika kwa shughuli nyingine, au imewasilishwa bila orodha ya majina na namba za kidato cha nne, ikakaa bila mwenyewe.

Kwa sababu hiyo hati za mshahara zisitupwe. Omba taarifa ya deni angalau mara moja kwa mwaka, ilinganishe na hati zako mwezi kwa mwezi, na palipo na upungufu peleka nakala kwa mwajiri na kwa Bodi siku ileile. Utaratibu huohuo unamhusu aliyekatwa kupita deni lake, kwani fedha iliyozidi hurejeshwa kwa mwenye uthibitisho.

Nimemaliza. Kuna la kufanya zaidi?

Yapo mawili. Kwanza, omba Bodi ikupe hati ya maandishi inayothibitisha kwamba hudaiwi, uihifadhi pamoja na vyeti vyako. Pili, hakikisha kwamba makato yamesimama kweli, kwa sababu mfumo wa mishahara hauachi kukata mpaka uelekezwe, na mwezi mmoja au miwili ya ziada si jambo la ajabu. Miezi mitatu kabla ya salio kufika sifuri ndio wakati mwafaka wa kuandika barua ya kuomba makato yasimamishwe.